Nilivyojifunza Kusoma Misimu katika Riwaya za London

Wengi wetu tuliosoma Kiingereza katika shule za sekondari za Tanzania tulikutana na riwaya za kale za Uingereza zikiwa zimefupishwa na kurahisishwa, msamiati wake umepunguzwa makusudi ili mwanafunzi wa kidato cha pili amalize kitabu bila kukata tamaa. Vitabu vile vilikuwa na faida kubwa na ninavishukuru, kwa kuwa ndivyo vilivyonizoesha kukaa na lugha ya kigeni kwa muda mrefu nikiifuata hadithi yenyewe badala ya kuhesabu maneno nisiyoyajua. Hata hivyo, kulikuwa na jambo moja ambalo mrahisishaji alilifuta karibu lote, nalo ni namna watu wanavyosema. Mwizi, hakimu, mtoto yatima na mama mwenye nyumba, wote walizungumza Kiingereza kimoja safi cha ubaoni. Nilipoazima Oliver Twist kamili ya Charles Dickens katika maktaba ya mkoa pale Tanga, hadithi nilikuwa naijua tangu mwanzo hadi mwisho. Masimulizi ya mwandishi, pamoja na urefu wa sentensi zake, niliyamudu kwa msaada wa kamusi. Lakini kila walipoanza kusema wale wezi wadogo na mabwana zao, niliona kama ninasoma lugha nyingine kabisa.

Ninaandika haya kwa ajili ya wanaojifunza lugha kwa kusoma riwaya, kwa sababu naamini kwamba maneno ya mitaani, ambayo wanaisimu wetu huyaita misimu, ndiyo yanayowafanya wasomaji wengi wazuri waache kitabu katikati, na kwamba hawana haja ya kukiacha. Njia ninayoifuata siku hizi ni kuuliza kwanza neno linafanya kazi gani kati ya wale wawili wanaozungumza, kabla sijauliza lina maana gani. Nani anamwambia nani? Anataka kumkaribisha au kumweka mbali? Na yule anayeambiwa, anaelewa au naye anababaika? Mara nyingi maswali hayo yamenifikisha mahali ambapo kamusi peke yake haikunifikisha.

Mfano ulionifundisha zaidi ya mingine yote umo katika sura ya 8 ya kitabu hichohicho. Oliver, mtoto yatima aliyetoroka kwa bwana wake mtengeneza majeneza, anafika Barnet, mji ulio kaskazini ya London, akiwa na njaa na miguu imechubuka kwa kutembea siku saba. Hapo anakutana na kijana wa rika lake aliyevaa koti la mtu mzima, Jack Dawkins, ambaye wenzake humwita Artful Dodger kwa ujanja wake. Dawkins anaposikia habari ya zile siku saba, anakisia kwamba mwenzake anatembea kwa amri ya "beak". Mwanafunzi yeyote aliyefungua kamusi anajua kwamba neno hilo ni mdomo wa ndege. Oliver naye anajua hivyo, na ndivyo anavyojibu, kwa upole na kwa maneno ya adabu. Dawkins anashangaa jinsi mtoto huyu alivyo mgeni wa dunia, kisha anamweleza: "beak" ni hakimu.

Mara ya kwanza niliposoma mahali hapa nilichukua maana ya neno, nikaiandika katika daftari langu, nikaendelea. Ilinichukua muda kuona jambo kubwa zaidi lililokuwa mbele yangu, yaani kwamba Dickens amemweka Oliver pale ili aulize kwa niaba ya msomaji. Riwaya hii ilianza kutoka sehemu kwa sehemu katika jarida mwaka 1837, na wasomaji wake, watu waliokuwa na uwezo wa kununua jarida na nafasi ya kulisoma, hawakutazamiwa kujua lugha ya wezi wa mitaa ya London. Walikuwa gizani kama mimi. Kwa hiyo ule ugumu nilioudhani ni upungufu wa mtu aliyejifunza Kiingereza Tanga ulikuwa umekusudiwa na mwandishi kwa wenye lugha yenyewe, na mwandishi huyohuyo alikuwa amewaandalia mtu wa kuwasaidia. Natamani mwalimu angeniambia hilo mapema, maana limenipa utulivu katika kila kitabu nilichosoma baadaye.

Ukishaijua mbinu hiyo, utaiona tena na tena. Katika sura ya 43, Dawkins amekamatwa kwa kuiba kisanduku cha tumbaku cha fedha, na mzee Fagin, mkuu wa wezi wale, analalamika kwa misimu mizito kwamba kijana wake atapata adhabu kubwa. Aliye mbele yake ni Noah Claypole, ambaye ni mgeni katika genge na amejibandika jina la Bolter, naye anauliza waziwazi maneno hayo yana maana gani. Fagin yuko karibu kufafanua ndipo kijana mwingine anapoingia na kuyakatiza mazungumzo. Hapo msimulizi mwenyewe anatuambia kwamba, kama Noah angejibiwa, angejua kuwa maneno yale ni kusafirishwa ng'ambo kwa maisha, adhabu iliyowapeleka wafungwa wa Uingereza hadi Australia. Tazama jinsi kazi ilivyopangwa: mhusika anaachwa bila jibu, na msomaji anapewa. Tangu nilipoligundua hilo, nikikutana na neno la ajabu huangalia kwanza kama katika chumba kile yumo mgeni, mtoto, mtumishi mpya au polisi kijana, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye atakayeuliza swali langu.

Hata hivyo, si kila neno huulizwa, na si kila swali hupata jibu. Katika mazungumzo yaleyale ya Barnet, Dawkins anamuuliza Oliver kama hajawahi kuwa kwenye "mill". Oliver anauliza ni "mill" gani, kwa kuwa yeye anajua kinu cha kusagia nafaka. Safari hii Dawkins hafafanui, bali anacheza. Anasema ni kinu kinachochukua nafasi ndogo hata kinaweza kufanya kazi ndani ya mtungi wa mawe, na ya kwamba huenda vizuri zaidi upepo wa watu unapokuwa chini kuliko unapokuwa juu, kwa sababu ukiwa juu wafanyakazi hawapatikani. Kabla ya hapo ameshasema kwamba mtu anayetembea kwa amri ya hakimu haendi mbele, bali hupanda tu wala hashuki. Nilikaa na sentensi hizi kwa muda mrefu. Kila neno moja moja lilikuwa la kidato cha kwanza: mtungi, mawe, upepo, kupanda, kushuka. Hakuna hata moja la kutafuta katika kamusi, na bado maana haikuja.

Iliyonisaidia ni historia, wala si kamusi. Mwaka 1818 mhandisi William Cubitt alibuni kwa ajili ya magereza ya Uingereza gurudumu kubwa lenye ngazi kuzunguka upande wake wa nje. Wafungwa walisimama juu ya ngazi hizo wakishika upau na kupanda, na kadiri walivyopanda ndivyo gurudumu lilivyozunguka na kushusha ngazi chini ya miguu yao, hivyo kwamba mtu alipanda kutwa bila kufika popote. Katika baadhi ya magereza gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji. Katika mengine halikufanya kazi yoyote ila kuwachosha watu. Adhabu hiyo iliachwa baada ya sheria ya magereza ya mwaka 1898. Nilipojua hayo tu, maneno yote ya Dawkins yalikaa mahali pake. Mtungi wa mawe ni gereza lenyewe. Kupanda bila kushuka ni ile kazi ya gurudumu. Na upepo kuwa chini ni watu kuwa na dhiki ya fedha: maisha yanapokuwa magumu, wanaoiba huongezeka, magereza hujaa, na kinu hupata watu wengi wa kukisukuma. Mtoto wa mitaani amesema kwa mzaha, katika sentensi moja, kwamba umaskini ndio unaojaza magereza. Wasomaji wa toleo lililorahisishwa hawakumsikia kamwe akisema hivyo, na hilo linaniuma hadi leo, kwa maana sidhani kama kuna mhusika mwingine katika kitabu kile anayesema ukweli huo kwa ufupi wa namna ile.

Mwisho wa mazungumzo hayo Dawkins anaahidi kumlisha Oliver, ingawa mfukoni ana "bob" moja na "magpie" tu. Msomaji wa Kenya anao urithi hapa ambao sisi wa Tanzania hatuna kwa kiasi hicho, kwani Nairobi hadi leo watu husema bei kwa bob, na maana ni ileile, shilingi. Tofauti ni ndani ya shilingi yenyewe: ya Uingereza iligawanyika katika peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja, hadi mfumo huo ulipoondolewa tarehe 15 Februari 1971, ilhali yetu ya Afrika Mashariki iligawanywa katika senti 100. Asiyejua hesabu hiyo atasoma riwaya za karne ya 19 bila kujua nani maskini na nani ana nafuu. "Magpie" ni aina ya ndege, lakini "mag" ilikuwa nusu peni katika misimu ya London. Mimi nina dhana yangu juu ya neno hili, nayo ni kwamba Dawkins amelirefusha makusudi: dakika chache zilizopita mwenzake alisema habari ya mdomo wa ndege, na sasa yeye anamletea ndege mzima. Nikisoma hivyo, naona ukarimu ndani ya mzaha. Kijana huyu anamcheka mgeni, lakini palepale anampa chakula kwa fedha yake ya mwisho, na misimu yake imeanza kumkaribisha Oliver badala ya kumtenga.

Maandishi ya mazungumzo haya yana ugumu mwingine, ambao kwa bahati nzuri msomaji wa Kiswahili ana njia nyepesi ya kuupita. Waandishi wa Kiingereza hupotosha tahajia ili kuonyesha jinsi mtu anavyotamka, wakaandika "wot", "sez", "acos", "agin", na kuondoa herufi h mwanzoni mwa maneno kwa kuweka alama ya ritifaa ('). Anayesoma kwa macho tu huyaona haya kuwa maneno mapya. Lakini sisi tumezoea lugha ambayo herufi husomwa kama ilivyo, na ukiyasoma maneno hayo kwa sauti kana kwamba ni Kiswahili, utakaribia sana kuyasikia. Hata ile h inayopotea si jambo geni kwetu: Lubumbashi watu husema "apana" na "apa", na katika sehemu nyingi za bara la Tanzania h huondolewa au huongezwa kulingana na asili ya msemaji. Kwa hiyo nina desturi ya kusoma kwa sauti kila ukurasa wa mazungumzo mazito kabla sijatafuta chochote, na sehemu kubwa ya "misimu" huyeyuka palepale, kwa kuwa ilikuwa ni matamshi tu.

Baada ya sauti, naangalia mikono. Katika sura ya 22, usiku wa kwenda kuvunja nyumba, Toby Crackit anaagiza aletewe "barkers". Neno hilo kwa asili ni vibwekaji, viumbe vinavyobweka, na msomaji angeweza kudhani wanachukua mbwa. Sentensi inayofuata inasema kwamba mtumishi alitoa bastola mbili. Mwandishi hakufafanua kwa maneno. Ameweka kitu mkononi mwa mtu. Mbele kidogo katika orodha ya vifaa vya wizi limo neno ambalo leo ni tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi, "darkies", na msomaji wa Kiafrika anaweza kuumia akakifunga kitabu. Pale ni taa za kufunikwa, zilizokuwa na kifuniko cha kuzuia mwanga usionekane hadi zihitajike. Ningependa mtu aliyekasirika ajue kwamba hasira yake ni ya haki mahali pengine pengi katika vitabu vya zama zile, lakini si hapo. Misimu hubadilika haraka kuliko maneno mengine, na kamusi ya leo inaweza kumpa msomaji maana ya karne isiyo sahihi.

Ndiyo maana nilitafuta kamusi za wakati wenyewe, na nikagundua kwamba Waingereza wamezikusanya kwa muda mrefu. Kapteni Francis Grose alichapa yake mwaka 1785, na toleo lililoongezwa la mwaka 1811 linapatikana bure kwenye intaneti. James Hardy Vaux, mwizi aliyehukumiwa na kupelekwa New South Wales huko Australia, aliandika msamiati wa wezi mwaka 1812 akiwa bado mfungwa, ukachapwa mwaka 1819. John Camden Hotten, muuza vitabu wa London, alitoa yake mwaka 1859. Katika zama zetu, Jonathon Green alichapa mwaka 2010 kamusi ya juzuu tatu inayoweka mwaka na mfano wa matumizi kwa kila maana, nayo imo mtandaoni. Hiyo ndiyo ninayompendekezea mtu mwenye nafasi ya kutumia moja tu. Wakusanyaji wa kale walinakiliana sana, kwa hiyo neno kuonekana katika kamusi tatu si ushahidi wa mashahidi watatu. Vaux namwamini zaidi kuliko wengine wa zama zake, kwa sababu aliishi ndani ya lugha hiyo.

Hata hivyo kamusi zote hizo hazitakusaidia kwa neno ambalo si msimu bali ni mhusika kukosea njia akielekea lugha ya juu. Turudi kwa Dawkins anaposimamishwa mbele ya mahakimu. Kijana huyu hanyenyekei, anajifanya bwana mkubwa aliyeonewa, anadai mwanasheria wake yuko kifungua kinywa na kiongozi wa bunge, na anapotaka kusema "umenihutubia mimi?" anatumia kitenzi "redress", ambacho maana yake ni kurekebisha dhuluma, badala ya "address". Nililitafuta neno hilo katika kila kamusi ya misimu niliyoipata, kumbe halimo kwa sababu halikuwa la mtaani. Ni neno la mahakamani lililoshikwa na mtu ambaye ameisikia mahakama mara nyingi bila kualikwa kuzungumza ndani yake. Tangu hapo nimejizoeza kutenganisha mambo matatu ambayo mwanzoni yalionekana kwangu kama fumbo moja: matamshi yaliyoandikwa, misimu yenyewe, na lugha ya juu iliyovaliwa vibaya. La tatu hutatuliwa kwa kutafuta neno la kawaida linalofanana nalo kwa sauti.

Misimu ya vina ya wakazi wa mashariki ya London, ambayo Hotten aliiorodhesha mwaka ule wa 1859, ni ngumu kwa namna yake. Msemaji huchukua fungu la maneno mawili ambalo la mwisho lina kina na neno analolikusudia, kisha aghalabu huacha lile la mwisho, yaani huacha kina chenyewe. "Look" hufungamanishwa na "butcher's hook", ndoano ya muuza nyama, na kinachobaki mdomoni ni "butcher's" peke yake. Hakuna akili ya kukisia hapo kutoka neno hadi maana. Lakini umbo la sentensi halibadiliki: mtu anaambiwa afanye "butcher's" juu ya kitu fulani, kwa muundo uleule ambao Kiingereza hutumia kwa kutupia jicho. Nafasi ya neno katika sentensi hubaki mahali pake hata neno lenyewe linapovaa sura nyingine, na mara nyingi inatosha kuendelea kusoma. Wachuuzi wa London, kama alivyowasikia Henry Mayhew na kuwaandika mwaka 1851, walikuwa pia na mtindo wa kugeuza maneno nyuma mbele, peni ikawa "yenep" na polisi wakawa "esclop". Huu haukunisumbua kabisa, kwa sababu watoto wa pwani tumekua na kinyume, ule mchezo wa kutanguliza silabi ya mwisho hadi mbuzi akawa zimbu, ambao Askofu Edward Steere aliukuta Unguja na kuutaja katika kitabu chake cha Kiswahili cha karne ya 19. Nilifurahi mno kuona kwamba mchezo wa barazani kwetu una ndugu katika masoko ya London.

Somo la nafasi ya neno katika sentensi nililielewa vizuri zaidi nilipokuwa upande wa pili, nikimsaidia mgeni aliyekuwa akisoma hadithi za Kiswahili za siku hizi. Alinionyesha mahali ambapo mhusika wa Dar es Salaam anamwomba rafiki yake amkopeshe "buku mbili". Kamusi ilimwambia kwamba buku ni panya mkubwa, au kitabu kikubwa, naye alikuwa ameduwaa. Nilimwomba aangalie upatanisho. Wangekuwa panya, mhusika angesema wawili. Yangekuwa madaftari makubwa, angesema mabuku mawili. Amesema mbili, na amesema mkopo, na aliyeombwa amejibu kwamba mshahara haujatoka. Mgeni yule alifikia mwenyewe kwamba ni fedha, na alichobakiza kuuliza ni kiasi tu: buku ni shilingi 1,000. Palepale nikamweleza jero, ambayo ni 500, na Msimbazi, ile noti nyekundu ya 10,000 iliyopewa jina la mtaa wa klabu ya Simba. Niliona kwamba ngeli zetu, ambazo wanafunzi wa kigeni huzilalamikia, ni msaada mkubwa sana kwao zinapokuja hadithi zenye misimu, kwa sababu msimu waweza kubadili maana ya neno lakini hauwezi kukwepa upatanisho.

Siku hizi ninasoma zaidi riwaya za vijana wa London ya leo, na lugha yao ni tofauti kabisa na ya Dickens. Wanaisimu Jenny Cheshire na Paul Kerswill waliichunguza katika mtaa wa Hackney na kuonyesha jinsi ilivyokuzwa na watoto wa familia zilizotoka Karibiani, Afrika, Asia na kwingineko waliokua pamoja. Humo "bare", ambalo shuleni tulifundishwa kuwa ni tupu, maana yake ni nyingi; "ends" ni mtaa wako; na "man" laweza kuwa kiwakilishi, kijana akisema kwamba "man" ana njaa na maana yake ni mimi. Hili la mwisho lilinihitaji kusoma kwa subira, maana mwanzoni hudhani anasemwa mtu wa tatu. Kinacholitambulisha ni mwitikio wa msikilizaji: aliyeambiwa anamletea chakula msemaji mwenyewe, wala hamtafuti mtu mwingine.

Vijana wanaojifunza Kiingereza huniuliza kama wayatumie maneno haya wanapoandika kwa marafiki walioko Uingereza. Ninawashauri wayajue yote na wayatumie machache sana, na ninawaonyesha kitabuni kwa nini. Mwandishi mzuri humfanya kijana yuleyule aseme "man" kwa rafiki yake ngazini na "I" kwa mwalimu wake darasani, mara nyingine katika ukurasa mmoja, na hubadilisha tena anapoingia nyumbani kwa bibi yake mzaliwa wa Jamaica. Mwenye lugha anajua mipaka hiyo tangu utotoni, ila msomaji wa mbali huijua kwa kuifuatilia. Kwa hiyo zoezi ninalowapa si orodha ya misimu na maana zake. Ninawataka wachague mhusika mmoja, waandike kila mtu anayezungumza naye tangu sura ya kwanza, na mbele ya kila jina waweke alama pale misimu inapokoma.